Karafuu Unayoichuma Umesimama Chini

Kisa cha kichaka hiki kilianzia puani. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wetu wa kwanza hapa Wichita, nami nilikuwa natoka kituo cha basi baada ya zamu yangu katika nyumba ya kutunzia wazee. Upepo wa Kansas haupumziki. Siku ile ulikuwa unavuma kutoka kusini, na ghafla ukaniletea karafuu. Sisemi kitu kinachokaribia karafuu. Nasema karafuu mbichi yenyewe, ile harufu inayotanda Pemba wakati wa msimu, majamvi yakiwa yameanikwa pembezoni mwa barabara kutoka Chake hadi Wete, hata ukifunga vioo vya gari inaingia. Niliweka mkoba chini. Kisha nikaifuata harufu nyumba hadi nyumba, mpaka nikafika kwenye uzio wa mbao wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Nyuma ya uzio palikuwa na kichaka cha kimo cha mtu mzima, fimbo zake nyembamba zimepinda kwa uzito wa maua. Maua ya manjano yalipanga mstari kutoka shina hadi ncha, kila moja kama baragumu dogo lenye shingo ndefu, na kinywani mwake duara jembamba jekundu. Barazani alikaa bibi wa Kimarekani, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, akaniuliza kama niko salama, maana machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba mti wake unanuka nyumbani kwetu. Akanijibu kuwa jina la mti huo limebeba karafuu ndani yake. Tangu akiwa mtoto shambani kwa bibi yake waliuita hivyo.

Tunda lake huitwa karanti, nasi tukauita mkaranti. Mama yangu alipouona baadaye akauita mkarafuu wa baridi, na hilo ndilo jina lililoshika nyumbani. Vitabuni utaukuta kama Ribes odoratum, na wataalamu wengine huuhesabu kuwa ni aina ya Ribes aureum. Ni mwenyeji wa nyanda hizi za katikati ya Marekani, hakuletwa na mtu. Na mkarafuu wetu hauhusiani nao kwa damu yoyote: mkarafuu ni ndugu wa mzambarau na mpera, mti wa nchi za joto usiojua jalidi ni nini, ilhali mkaranti usipopigwa na baridi kali miezi kadhaa hautoi maua ya maana. Harufu tu ndiyo iliyowakutanisha.

"Rudi majani yakipukutika," Bibi Jirani aliniambia. Mwezi wa kumi na moja nikarudi, naye akanichimbulia chipukizi lililoota mizizini, pembeni ya mama yake, akalitia kwenye ndoo pamoja na udongo. Nikamuuliza nimpe nini. Akasema: matunda ya kwanza yakiiva, niletee chupa moja ya jamu. Nikamwahidi. Kwetu ahadi ni deni, na sikujua kuwa deni lile lingenichukua miaka saba.

Nililipanda chini ya dirisha la jikoni, ili harufu iingie ndani nikiwa napika. Mwaka wa pili likatoa vishada vitatu vya maua. Mwaka wa tatu kichaka kikafika kifuani, kikachanua chote, na watoto wakawa wanashindana nani ataota harufu hiyo usingizini. Jirani yetu wa nyumba ya mkabala, mama mmoja kutoka Uvira, alipita akasimama kama nilivyosimama mimi. "Dada, hii muti iko na harufu ya jirofle," akasema, na sote wawili tukakaa kwenye ngazi bila kuendelea na safari zetu.

Lakini maua yalianguka na matunda hayakushika. Mwaka wa tatu tulipata punje sita. Mwaka wa nne zikawa tisa. Nilitia mbolea, nikapunguza mbolea. Nikamwagilia zaidi, nikaacha kumwagilia. Mume wangu, ambaye anaendesha lori la masafa marefu na hurudi nyumbani na habari kutoka kila jimbo, alinieleza kuwa mti ule ni wa mapambo tu. Niliudhika naye siku mbili nzima, kwa kuwa Bibi Jirani alikuwa amekula matunda yale utotoni mwake na hakuwa mtu wa kusema uongo.

Jibu lilikuwa rahisi, na nilipaswa kulijua mimi niliyekulia mashambani. Mkaranti wa namna hii hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Unataka mwenzake wa asili nyingine awe karibu, nyuki wanene wenye manyoya wapeleke na warudishe. Kwa miaka kadhaa Bibi Jirani alikuwa na cha kwake na mimi changu, lakini changu ni chipukizi la chake. Ni mti mmoja uliosimama mahali pawili. Zamani, akanieleza, mtaa ulikuwa na vichaka vingine, vikang'olewa kimoja kimoja kadiri watu walivyobadilisha bustani zao kuwa majani ya kukatwa na mashine, na cha kwake nacho kikaacha kuzaa.

Basi nikatafuta mwenza. Nikapata kuwa aina inayosifiwa kuliko zote kwa ukubwa wa matunda huitwa Crandall, kwa jina la Crandall wa Newton, Kansas, na kwamba ilianza kuuzwa mwaka 1888 na muuza miche wa Ravenna, Ohio. Newton! Iko kama kilomita 40 tu kaskazini yetu. Mume wangu hupita pale kila akielekea Salina. Mti niliokuwa nauhangaikia kitandani usiku kwao ni pale, mwendo wa nusu saa. Niliagiza mche mmoja, ukaja umefungwa kwa karatasi zenye unyevu, mizizi mitupu, urefu wa fimbo ya mwalimu. Nikaupanda mita mbili kutoka kwa ule wa kwanza, nikauzamisha kidogo zaidi ya alama ya udongo wa zamani ili utoe fimbo nyingi kutoka chini, nikatandaza majani makavu juu yake, nikasubiri.

Majira ya machipuko ya mwaka uliofuata, vichaka vyote viwili vilijaa matumba kupita nilivyowahi kuona. Na mwezi huo huo Mama akafika kutoka Wete.

Nataka nimweleze Mama vizuri, kwa sababu bila hivyo mtu atamwona mkosaji. Mama alianza kuchuma karafuu akiwa na miaka minane. Enzi zetu hata skuli zilifungwa msimu ukifika, watoto tukaenda mashambani na pakacha, lakini sisi tuliokota zilizoanguka, yeye alipanda. Mkarafuu uliokomaa unapita mapaa ya nyumba, na matawi yake ni mepesi kukatika. Ndugu yake alianguka kutoka kwenye mkarafuu na hakutembea tena. Mwenyewe alipanda hadi umri ambao wanawake wengine wamekwisha kuwa na wajukuu. Mkono wake wa kushoto unajua kuvuta tawi pasipo kulivunja, wa kulia unakata kishada kwa ukucha. Usiku wanakaa kuchambua: kishada kinawekwa kiganjani, kinasokotwa dhidi ya kiganja cha pili, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo yanabaki upande ule. Nimemwona akifanya hivyo akiwa amesinzia.

Na kitu kimoja alichofundishwa kabla ya kusoma ni hiki: karafuu ni tumba. Inachumwa kabla haijafunguka, inapoanza kupata wekundu kwenye kichwa. Ukichelewa siku chache ua linafunguka na mali imekwisha. Maisha yake yote amekuwa akishindana na ua.

Siku ya tatu tangu afike, nikiwa kazini, Mama alifungua dirisha la jikoni. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, ndiye shahidi, naye amenisimulia mara nyingi. Anasema Bibi alitoka nje na kanga yake ya kichwani juu ya sweta langu, akavizunguka vichaka mara mbili bila kusema neno. Akavuta tawi, akatazama matumba. Mtu asiyeyajua angesemaje? Tumba la mkaranti kabla halijafunguka lina shingo ndefu na kichwa cha mviringo juu yake. Liweke kiganjani kando ya karafuu mbichi, umbo ni lile lile. Na harufu ndiyo ile. Mama akanyanyua uso, akamwambia mjukuu wake: "Subhanallah. Karafuu unayoichuma umesimama chini!" Kisha akamtuma alete beseni.

Walichuma asubuhi ile na asubuhi ya pili. Mimi nilirudi siku ya kwanza usiku, sikuona kitu. Siku ya pili nilirudi jua bado liko juu, na kwenye sakafu ya saruji tunapoegesha gari kulikuwa na mkeka wetu wa sala wa wageni, umetandazwa matumba ya manjano kwa ustadi, unene wa kidole kimoja, kama inavyotakiwa. Mama alikuwa amechutama pembeni anayageuza kwa mkono. Uso wake uling'aa. Aliniuliza: "Huku mnamuuzia nani? Serikali haichukui?" Kwao Pemba karafuu huuzwa kwa shirika la serikali peke yake, na kuzipitisha magendo kwenda Mombasa kumewatia watu ndani, kwa hiyo swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kutuepusha na balaa.

Nikavitazama vichaka. Havikuwa na ua. Mkono wa Mama hauachi kitu.

Nilisema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nasimama nilipo. Nilisema, mbele ya watoto: "Mama, nani kakwambia uguse?"

Hakujibu. Aliendelea kugeuza matumba. Binti yangu alinitazama kama hanijui, akaenda kuchutama upande wa pili wa mkeka, akaanza kugeuza naye. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kazini.

Siku nne zilizofuata jua lilikuwa kali na upepo ukachukua mengine hadi barabarani. Mama aliyalinda. Aliyakusanya kila jioni, akayaanika kila asubuhi. Mimi na yeye tulizungumza juu ya chai na juu ya chumvi tu. Siku ya tano aliniomba mizani ya jikoni. Alikuwa ameyapima mabichi kwa msaada wa mwanangu: gramu 640. Sasa makavu yalikuwa gramu 95. Niliona akiitazama namba ile, akamwambia mtoto aisome tena. Karafuu mbichi ikikauka vizuri hubaki karibu theluthi moja ya uzito wake. Mama hahitaji karatasi kulijua hilo. Namba ile ilimwambia, kabla ya ulimi na kabla ya pua, kwamba alichoanika hakikuwa na kitu ndani.

Lakini tulikuwa tumekwisha kualika watu kwa pilau ya Ijumaa, kumkaribisha yeye. Na Mama aliamini bado kuwa mafuta ya moto yatatoa kilichojificha, kama yanavyoiamsha karafuu kuukuu iliyosahauliwa kabatini. Sufuria ilipofunuliwa tulikuwa watu kumi na wawili mkekani. Bizari nyembamba ilikuwapo, mdalasini ulikuwapo, na hiliki. Pale ambapo karafuu inapaswa kusimama palikuwa na harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa. Wageni walikula. Yule mama wa Uvira aliomba aongezewe, Mungu amjaze kheri. Mama alishika kifuniko cha sufuria mkononi na hakukiweka chini mpaka mume wangu alipoinuka akakipokea taratibu.

Usiku ule nikaenda chumbani kwake, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinishika kichwa, akasema yamekwisha. Kisha akasema, "Sasa nieleze. Huu mti unataka nini?" Nikamweleza. Kwamba tumba halina faida. Kwamba ua likifunguka ndipo nyuki wanapoingia, na likinyauka linaacha punje ya kijani inayokua hadi mwezi wa saba ikawa nyeusi, na punje ile ndiyo mavuno. Alikaa kimya muda. "Kumbe huu unaachwa ufunguke," akasema. Nikaona ni neno ambalo mdomo wake haukuwahi kulitamka juu ya ua lolote lenye harufu ile.

Kesho yake alfajiri nilimkuta amelala kifudifudi chini ya dirisha, anatazama ndani ya kichaka kutoka chini. Alikuwa amepata maua tisa yaliyomponyoka, upande wa ukutani. Akayalinda maua tisa yale kuliko alivyowahi kulinda shamba. Yakashika matunda manne. Mwanangu aliiba moja likiwa jekundu, likamkunja uso, maana karanti likiwa bado jekundu ni kali mno. Linatakiwa liachwe hadi liwe jeusi tii, na hata hapo uliache siku chache zaidi. Matatu yaliyobaki yaliiva mwishoni mwa Julai. Mama alikula moja, mimi moja, na binti yangu moja. Lina ngozi ngumu kidogo na mbegu nyingi, utamu unatangulia, ukali unafuata. Harufu ya karafuu haimo kabisa. Ile ni ya ua peke yake. Mama alilitafuna polepole, akasema kuwa ni tunda la heshima. Mwezi wa tisa akarudi Pemba.

Mume wangu alitaka Mama akija tena akute neema. Kwa nia hiyo njema, mwezi wa pili, siku ya mapumziko yake, mimi nikiwa kazini, alivikata vichaka vyote viwili hadi usawa wa ardhi. Alikuwa ameambiwa na dereva mwenzake kuwa karanti hupogolewa wakati wa baridi, na hilo ni kweli. Ila kinachokatwa ni fimbo kuukuu, zile zilizopita miaka mitatu au minne, zinazojulikana kwa unene na gome jeusi. Changa zinaachwa, kwa kuwa maua hutokea kwenye mti wa mwaka uliotangulia. Ukifyeka kila kitu hakuna ua mwaka huo. Nilirudi nikakuta rundo la fimbo juu ya theluji na mume wangu amesimama kando yake, mkasi mkononi, anasubiri nifurahi.

Sikusema neno. Nilikuwa nimejifunza. Niliingia ndani nikampigia Mama, huko ikiwa usiku wa manane, nikalia. Mama alicheka kwa upole, akasema mkarafuu nao una mwaka wake wa kupumzika. Mwaka wa neema huja baada ya miaka kadhaa, na hakuna anayeugombeza mti. Kisha akauliza: "Hizo fimbo zimekauka?" Hazikuwa zimekauka. Nikachagua zenye unene wa kalamu, nikazikata urefu wa shibiri moja, nikazizika theluthi mbili kwenye udongo wenye mchanga, vipando ishirini na vinne. Kumi na kimoja vikashika.

Kimoja nilikusudia kumpelekea wifi yangu anayeishi Portland, katika jimbo la Maine. Nilikifunga kwa taulo lenye maji na mfuko wa plastiki, nikaandika anwani, kifurushi kikakaa mlangoni. Bahati nzuri wifi mwenyewe aliuliza kwanza huko. Kumbe hairuhusiwi. Karanti na jamii yake hubeba kutu ya msonobari mweupe, ugonjwa wa ukungu usioweza kuruka kutoka msonobari hadi msonobari. Lazima upitie kwenye jani la mti wa jamii hii ndipo urudi kuua msonobari mwingine. Uliingia Marekani kutoka Ulaya zama za kuanza kwa karne ya 20, ukatisha misitu, serikali kuu ikaipiga marufuku mimea hii, na miaka ya 1930 vijana wa kazi za umma wakatumwa misituni kuing'oa kwa mikono. Marufuku ile ya nchi nzima iliondolewa mwaka 1966 na kila jimbo likaachiwa uamuzi wake. Kansas haina misitu ya msonobari mweupe, tunapanda tutakavyo. Maine msonobari mweupe ndio mti wa jimbo, na kusini mwake, ilipo Portland, huwezi kupanda karanti ya aina yoyote. Nikafungua kifurushi, nikakirudisha kipando ardhini. Wifi alisikitika, lakini alisema kitu ambacho nakikubali: msitu wa watu ni mkubwa kuliko hamu yetu.

Vichaka vilivyofyekwa vilirudi kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Fimbo mpya zilipita dirisha kabla ya mwezi wa nane, na machipukizi yakatokea hata upande wa pili wa njia ya saruji. Hivyo ndivyo ulivyo, na anayeupanda ajue: kila mwaka lazima uzunguke na jembe dogo, uchimbue yanayotoroka, ugawe au utupe, usije ukaamka siku moja bustani yote ni mti mmoja. Niliwagawia jirani wanne. Mama wa Uvira alichukua viwili.

Mama akarudi majira yaliyofuata, mwezi wa nne tena, na safari hii tulikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa jalidi. Vichaka vikiwa vimechanua vyote, manjano matupu, redio ikatangaza kuwa usiku joto litashuka chini ya sifuri. Ua likiganda, punje imekufa tumboni. Mume wangu alikuwa safarini. Mama aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa kanga alizoleta za zawadi, doti kwa doti, zikiwa hazijapindwa. Tukatoa na mablanketi. Mimi, yeye na watoto tulivivika vichaka vile kwa mwanga wa taa ya barazani, tukibana pindo kwa vibanio vya kuanikia nguo na kuzuia chini kwa mawe ili joto la ardhi lisitoke. Upepo, kwa mara hiyo moja, ulitulia. Kanga nyekundu, ya njano, ya kijani, zimesimama gizani kimo cha watu, na harufu ya karafuu inatoka chini yake. Mama alikaa dirishani hadi alfajiri. Tulipofunua, maua ya nje yalikuwa yamelainika kama karatasi iliyolowa. Ya ndani yalikuwa mazima.

Mwishoni mwa Juni nikatandaza wavu, kwa sababu ndege wa kifua chekundu wanajua siku ya kuiva kuliko mtu yeyote. Karanti hii haiivi kwa pamoja. Kishada kimoja kina nyeusi, nyekundu na kijani bega kwa bega, inabidi uchague. Na hapo mkono wa Mama ukapata kazi yake. Tawi linavutwa kwa kushoto bila kuvunjika, kulia kunachukua nyeusi na kuacha nyekundu, asubuhi baada ya asubuhi, wiki tatu. Usiku akaketi na beseni miguuni, akayaweka yaliyochumwa na vikonyo vyake kiganjani, akayasokota taratibu kidogo kuliko vishada vya karafuu, matunda yakadondoka upande huu, makonyo yakabaki upande ule. Tulipima kilo sita na nusu.

Jamu yake haina shida. Karanti ina asili ya kuganda yenyewe, huhitaji kuongeza kitu: matunda, sukari chini kidogo ya uzito wake, maji ya kuzuia yasishike sufuria, na mwiko usiokoma. Povu likipanda liondoe. Tone ukilidondosha kwenye sahani ya baridi likakunjamana ukilisukuma kwa kidole, ipua. Mama alisimama juu ya sufuria, akaonja, akasema inakosa kitu, na alijua ni kitu gani. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akahesabu karafuu sita kavu za Wete, akazitia. Jiko lote likajibu. Dirisha lilikuwa wazi, maua yalikuwa yameisha zamani, lakini mwanangu alikimbia kutoka nje akidhani mti umechanua tena.

Bibi Jirani alikuwa amehama mwaka uliopita. Miguu ilimshinda, watoto wake wakamleta katika nyumba ile ile ninayofanya kazi, chumba cha upande wa mashariki. Kichaka chake kilifutika pamoja na bustani wakati nyumba ilipouzwa. Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda na Mama, chupa ya kwanza imefungwa kwa kitambaa. Bibi Jirani aliitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, ile rangi yake ya zambarau iliyokolea, akaomba kijiko. Alionja. Akaonja tena, akafumba macho. Kisha akaniuliza ni kitu gani kimetiwa, maana bibi yake hakuwa akikitia, lakini ni kama harufu ya maua imerudi ndani ya tunda.

Nikamfasiria Mama. Mama akasogeza kiti, akafungua fundo la pindo, akachukua karafuu moja akaiweka kwenye kiganja cha mwenziwe, akamkunjia vidole. Bibi Jirani alikifungua kiganja, akaigeuza karafuu ile kwa ncha ya kidole, shingo ndefu na kichwa cha mviringo, akaipeleka karibu na macho yake, na kwa muda mrefu hakuipeleka puani.

"Ni tumba," akasema.